Nani Ameshika Mashine? Kazi za Kituo cha Sanaa ya Kidijitali cha Ada X, Montréal

Mtu akisikia kwamba mahali fulani pana kituo cha sanaa, kwa kawaida huuliza picha zimetundikwa wapi na zinauzwa bei gani. Maswali hayo mawili hayafiki mbali yakielekezwa kwa Ada X, kituo kilichoko Montréal katika jimbo la Québec nchini Kanada, kilichoanzishwa mwaka 1996 kwa jina la Studio XX na kubadilishwa jina mwaka 2020. Kituo hicho hujitambulisha kwa sifa tatu: ni cha kifeministi, kinaendeshwa na wasanii wenyewe, na kinashughulika na sanaa ya kidijitali. Kila sifa ina utata wake, na zikiwekwa pamoja utata huzidi, kwa sababu shughuli zake zinafanana na za taasisi kadhaa zilizogongana njiani. Kimefundisha watu kutengeneza tovuti na kuunganisha nyaya, kimerusha kipindi cha redio, kimeandaa tamasha la kimataifa, kimechapisha jarida mtandaoni, kimewapa wasanii muda na vifaa vya kufanyia majaribio, na juu ya yote hayo kinatunza nyaraka. Kwa maoni yangu shughuli hizo zina shina moja, nalo ni swali la nani ameshika mashine: nani anaijua kwa ndani, nani anaamua itumike vipi, na nani anaachiwa kubonyeza tu.

Tuanze na uendeshaji, maana bila kuuelewa mengine hayakai sawa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, wasanii vijana wa Kanada waliokuwa wakifanya video, sanaa ya utendaji na majaribio ya sauti walijikuta hawana pa kupeleka kazi zao. Makumbusho yalitaka majina yaliyokwisha kukomaa, na wenye maduka ya sanaa walitaka kitu ambacho mnunuzi anaweza kukibeba kwapani akaondoka nacho. Wasanii hao wakaanza kukodi majengo wenyewe. Intermedia ilianza Vancouver mwaka 1967, A Space ikafuata Toronto mwaka 1971, Véhicule Art ikafunguliwa Montréal mwaka 1972, na mwaka uliofuata wanawake wa jiji hilohilo wakaanzisha Powerhouse, ambayo leo inaitwa La Centrale. Studio XX ilizaliwa katika ukoo huo, zaidi ya miaka 20 baadaye.

Mkulima wa kahawa wa Kilimanjaro, ambako chama cha ushirika cha KNCU kilianzishwa mwaka 1933, hahitaji kufafanuliwa sana mpangilio wa kituo cha aina hii. Wanachama wanajiunga, wanakutana katika mkutano mkuu wa mwaka, wanachagua bodi miongoni mwao, na bodi inaajiri watendaji wachache wanaofanya kazi za kila siku. Tofauti na ushirika wa mazao ni kwamba hapa hakuna gawio. Kituo hakitafuti faida, na kinachogawanywa ni nafasi, vifaa, ujuzi na sauti katika maamuzi. Msanii anayeomba kufanya kazi pale hapimwi na mfanyabiashara anayewaza soko, anapimwa na wasanii wenzake ambao mwaka ujao huenda wakawa ndio wanaoomba.

Fedha hutoka kwa umma. Baraza la Sanaa la Kanada lilianzishwa mwaka 1957, jimbo la Québec lina baraza lake, na jiji la Montréal lina la kwake, na vituo vya wasanii hupeleka maombi ya ruzuku katika ngazi hizo tatu. Kuna kipengele kimoja cha mfumo huo ambacho ni chepesi kupuuzwa. Mwaka 1968 mchoraji Jack Chambers, wa mji wa London ulioko Ontario, aliongoza kuundwa kwa chama cha wasanii kiitwacho CARFAC, kilichodai kwamba msanii alipwe kila kazi yake inapoonyeshwa hadharani, hata kama haijanunuliwa. Mwaka 1975 malipo hayo yakawa sharti kwa taasisi zinazotaka ruzuku ya taifa, na mwaka 1988 haki ya kulipwa kwa maonyesho ikaingizwa katika sheria ya hakimiliki. Kwa sanaa ya kidijitali jambo hili ni uhai wenyewe. Mchoro wa Tingatinga unaweza kuuzwa kwa mtalii pale Slipway, Dar es Salaam, na mchoraji akaenda nyumbani na unga, lakini ukurasa wa tovuti unaofunguka tofauti kila anapoingia mgeni hauna mnunuzi wa aina hiyo. Bila malipo ya maonyesho, sanaa hiyo ingebaki mikononi mwa wenye mshahara wa mahali pengine.

Hata hivyo ruzuku ina gharama yake. Watendaji ni wachache, na sehemu kubwa ya muda wao huishia kwenye fomu za maombi na taarifa za utekelezaji. Wafeministi wana neno la kusema kuhusu hilo, kwa kuwa kazi isiyoonekana na isiyolipwa vizuri ndiyo waliyoipigia kelele tangu mwanzo, na si ajabu ikawakuta mlangoni mwao wenyewe.

Sasa ufeministi. Wako wanaodhani kwamba kituo cha wanawake cha teknolojia ni mahali pa kuwasaidia wanawake wawafikie wanaume waliotangulia. Historia ya kompyuta haikubaliani na picha hiyo. Mwaka 1843 Ada Lovelace, Mwingereza, alichapisha maelezo marefu juu ya mashine ya kukokotoa iliyobuniwa na Charles Babbage, na ndani yake akaeleza hatua kwa hatua jinsi mashine hiyo ingeweza kupiga hesabu ya namba za Bernoulli, mfululizo maalumu wa namba katika hisabati, maelezo ambayo wengi huyahesabu kuwa programu ya kwanza kuchapishwa. Takriban karne moja baadaye neno la Kiingereza ambalo sisi tumelifanya kompyuta lilikuwa bado ni jina la kazi ya mtu, mtu anayepiga hesabu, na wengi wa watu hao walikuwa wanawake. Mashine ya ENIAC, mojawapo ya kompyuta za kwanza za kielektroniki, iliyozinduliwa Pennsylvania nchini Marekani mwaka 1946, ilipangiwa kazi na wanawake sita ambao walichomeka nyaya na kugeuza swichi bila kitabu cha maelekezo cha kuwaongoza, kwa kuwa hakikuwapo. Wanaume walioibuni walisifiwa, na wale sita walisubiri miongo kadhaa ili majina yao yajulikane.

Takwimu za Marekani zinaonyesha mgeuko uliofuata. Katikati ya miaka ya 1980 wanawake walikuwa takriban asilimia 37 ya waliohitimu shahada ya kwanza ya sayansi ya kompyuta, na miaka 25 baadaye wakawa chini ya asilimia 20. Sababu ni nyingi, ila inayotajwa sana ni kwamba kompyuta ya nyumbani ilipoingia madukani ilitangazwa kama kitu cha kuchezea cha mvulana, ikawekwa chumbani kwa kaka, na dada akafika chuoni akiambiwa amechelewa. Kwa hiyo swali la kifeministi ni jinsi wanawake walivyotolewa katika chumba ambacho walikuwa wamekwisha kuingia.

Majibu ya wasanii yalianza kusikika mapema miaka ya 1990. Mwaka 1991 kundi la wasanii wanne wa Adelaide nchini Australia, VNS Matrix, lilitoa ilani ya ufeministi wa mtandao, ya kejeli na ya kukusudia kushtua, na mwaka 1997 wanawake kutoka nchi mbalimbali wakakutana Kassel, Ujerumani, kuyajadili mambo hayo kwa siku kadhaa. Matumaini yalikuwa makubwa mno, nadhani. Wengine waliamini kwamba mtandaoni mwili ungeachwa nje, na pamoja nao ubaguzi wa jinsia na wa rangi. Wanawake weusi na wa nchi za Kusini waliuliza mapema ni nani hasa anayeweza kuuacha mwili wake mlangoni, na ni mikono ya nani inayounganisha vipande vya mashine hizo viwandani.

Studio XX ilianzishwa katika hali hiyo na wanawake wanne, Kim Sawchuk, Kathy Kennedy, Patricia Kearns na Sheryl Hamilton, waliochanganya utafiti wa mawasiliano, sanaa ya sauti na filamu. Shughuli yake ya awali ilikuwa mikutano ya jioni iliyoitwa Femmes br@nchées. Kwa Kifaransa neno hilo lina maana mbili kwa pamoja: wanawake waliochomekwa kwenye umeme au mtandao, na wanawake wanaojua kinachoendelea mjini. Msanii alikuja na kazi yake, akaifungua mbele ya wenzake na kueleza alivyoitengeneza, pamoja na pale ilipomshinda. Mwaka 1997 likafuata tamasha la sanaa ya tovuti lililopewa jina la Kiingereza Maid in Cyberspace, lenye utani wa namna yake: likisikika sikioni ni kitu kilichotengenezwa mtandaoni, likisomwa kwenye karatasi ni mtumishi wa ndani aliyeko mtandaoni. Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi, ambako dada wa kazi yumo katika nyumba nyingi na hatajwi katika habari za maendeleo, ataupata ukali wa utani huo haraka pengine kuliko Mkanada. Kipindi cha redio cha kituo, XX Files, kilisikika kupitia CKUT, redio ya jamii iliyoko Chuo Kikuu cha McGill.

Warsha ndizo zinazostahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu humo swali la mashine linashikika kwa vidole. Tuchukue warsha ya kushona sakiti, yaani njia ya kupitishia umeme, ya aina inayofundishwa katika vituo vingi vya namna hii. Mwaka 2007 mhandisi Leah Buechley alitoa bodi ndogo ya kielektroniki, ya duara, iitwayo LilyPad, yenye matundu pembeni yanayopitisha sindano. Mshiriki anapewa bodi hiyo, taa ndogo chache, betri bapa ya volti 3 na uzi uliochanganywa na madini yanayopitisha umeme. Anashona kutoka tundu la betri hadi mguu wa taa, kwa mishono ya kawaida ya mkono, akizungusha uzi mara tatu au nne katika kila tundu na kuukaza, kwa kuwa uzi uliolegea huifanya taa iwakewake na kuzimika. Njia ya chanya na njia ya hasi zisikutane popote. Akisahau kukata mkia wa uzi upande wa nyuma wa kitambaa, mkia huo utagusa njia nyingine, sakiti itapiga shoti na betri itaanza kupata moto. Hapo hakuna fundi wa kuitwa. Anageuza kitambaa, anafuata uzi kwa kidole, anakuta kosa, anafumua.

Aliyejifunza cherehani kwa shangazi yake hujikuta mbele ya mwenzake mwenye digrii ya uhandisi katika nusu saa ya kwanza, na hilo limekusudiwa. Warsha inapanga upya nani ni mjuzi. Wala uhusiano wa ufumaji na kompyuta si hadithi ya kupamba somo: mashine ya kufuma ya Jacquard, iliyotumia kadi zenye matundu kuongoza nyuzi, ndiyo iliyompa Babbage wazo la kadi, na Lovelace mwenyewe aliandika kwamba mashine ya Babbage hufuma mifumo ya aljebra kama ile ya Jacquard inavyofuma maua na majani. Aliyewahi kukaa karibu na mwanamke wa Pemba anayesuka ukili wa mkeka amemwona akihesabu chane kimoyomoyo, ngapi zipite juu na ngapi chini, ngapi za rangi na ngapi nyeupe, na akikosea moja analijua kosa kabla jicho la mgeni halijaliona. Kuandika msimbo, yaani maelekezo ambayo kompyuta huyafuata, ni kazi ya aina hiyohiyo.

Kwa mantiki hiyohiyo kituo kimeweka mkazo katika programu huria, yaani programu ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuurekebisha na kuusambaza. Unafuu wa bei ni sababu ya kwanza watu wanayoifikiria, na si ndogo, kwa kuwa kampuni nyingi siku hizi hazikuuzii programu, zinakukodisha kwa mwezi, na ukishindwa kulipa mafaili yako mwenyewe hayafunguki. Lakini sababu iliyo nzito zaidi ni kwamba programu iliyofungwa humwambia msanii afanye kile tu ambacho mbunifu wake alikiwazia. Ukiweza kuifungua, unaweza kuibishia.

Ukaazi wa wasanii unaeleweka kwa haraka: msanii hupewa muda, vifaa, msaada wa fundi na malipo, naye hufanya utafiti ambao mwisho wake haujulikani. Jambo la kutilia maanani ni kwamba kushindwa kunaruhusiwa. Jarida la .dpi, lililoanza mwaka 2004, lilikuwa upande wa pili wa kazi hiyo, mahali pa kuandika na kukosoa, kwa Kifaransa na Kiingereza kama ilivyo desturi ya jiji lile.

Lile tamasha la mwaka 1997 lilikua na kuitwa HTMlles. Jina hilo limebeba lugha ya kutengenezea tovuti, HTML, na ndani yake Mfaransa anaona kifupisho cha mabinti, Mlles, na kiwakilishi cha wanawake, elles. Kila toleo hushika mada moja. La mwaka 2016 lilihusu faragha, la 2018 lilitazama kilichobaki baada ya kampeni za mtandaoni za alama ya reli (#) dhidi ya unyanyasaji wa kijinsia, na la 2021 lilihoji kwa nini teknolojia lazima iende mbio. Mada ya faragha ndiyo inayofika kwetu moja kwa moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 na shirika la Pollicy la Uganda, uliowahoji zaidi ya wanawake 3,300 katika nchi tano zikiwemo Kenya na Uganda, ulikuta kwamba zaidi ya robo yao wamewahi kufanyiwa ukatili mtandaoni. Taasisi ya haki ingeyaweka hayo katika ripoti na mapendekezo. Msanii anafanya jambo jingine: anaunda kifaa kinachoonyesha data ngapi simu yako imetoa tangu uingie ukumbini, au anaigeuza kamera ya ulinzi imtazame mlinzi. Mtu anayeondoka hapo hajapewa ushauri, ila simu yake ataishika tofauti.

Jina la zamani, Studio XX, lilikuwa likichezea kromosomu zinazohusishwa na mwanamke. Mwaka 1996 mchezo huo ulichangamsha. Kadiri miaka ilivyokwenda, ukaanza kubana, kwa kuwa uliufunga uanamke katika baiolojia, ilhali kituo kilikuwa kikiwakaribisha pia watu waliobadili jinsia na wasiojihesabu upande wowote kati ya miwili. Ndipo likaja Ada X. Ada ni yule Lovelace wa 1843 (msomaji wa Kiswahili asidhani kituo kimejiita malipo ya uanachama), na X moja imebaki kuukumbusha ukoo, ikiwa pia alama ya kitu kisichojulikana bado, kama katika hesabu. Mabadiliko ya aina hii huwagawa wafeministi, na si wote wanaoyapokea kwa furaha. Mimi naona kwamba kituo kinachowauliza wengine nani amefungiwa nje kingekuwa na aibu kubwa kama kisingejiuliza chenyewe.

Linabaki suala la nyaraka, ambalo halivutii macho ila pengine ndilo zito kuliko yote. Mchoro wa mafuta uliotundikwa mahali pakavu utaonekana miaka 300 ijayo bila msaada wa mtu. Kazi ya tovuti ya mwaka 1998 inahitaji kivinjari kinachoielewa, programu ya nyongeza iliyoichezesha, seva inayolipiwa na anwani isiyonyang'anywa, na kimoja kikikosekana kazi nzima inatoweka. Tarehe 31 Desemba 2020 kampuni ya Adobe iliacha kuihudumia Flash, programu ya nyongeza iliyochezesha picha zinazotembea kwenye tovuti, na kwa uamuzi huo wa ofisini sehemu kubwa ya sanaa ya tovuti ya miaka ya 1990 na 2000 ikawa kisanduku cha kijivu chenye ujumbe wa hitilafu. Wanawake ambao walikuwa wamekwisha kufutwa mara moja katika historia ya kompyuta walikuwa wakielekea kufutwa tena, safari hii bila mtu wa kulaumiwa.

Studio XX iliunda hazina ya mtandaoni iitwayo Matricules, yenye kumbukumbu za shughuli zake na za wasanii waliopita pale tangu 1996: mabango, picha, rekodi za sauti na video, maelezo ya kazi. Hazina hiyo haiwezi kuirudisha kila kazi ikiwa hai. Inachoweza ni kushikilia ushahidi kwamba kazi ilikuwapo, ilionekanaje, ni nani aliyeitengeneza na kwa mbinu gani, ili anayekuja baadaye asianze kwa kudhani kwamba yeye ndiye wa kwanza. Kuijenga kazi upya kunataka njia nyingine. Mtunzaji huiandika tena kwa msimbo wa leo, na kuhatarisha kuibadili, au huiga mashine ya zamani ndani ya mpya. Akikosa yote mawili, huihifadhi kompyuta kuukuu yenyewe, pamoja na skrini yake nzito ya kioo, akiiweka mbali na intaneti ili isijisasishe na kuisahau lugha ambayo ni yeye tu na mashine hiyo wanaoikumbuka.